Barua ya wazi kwa mjomba wangu mvuvi: kwa nini tunafilamu samaki wasioliwa

Shikamoo mjomba,

Hii nimeamua kuiandika hadharani badala ya kukupigia simu, kwa sababu swali lako la "samaki wa kutazama tu, hata hawaliwi, mnawatengenezea filamu ya nini?" siyo lako peke yako, darasani wameniuliza, mama kaniuliza, na kila ukinipigia naishia kusema ni kazi ya chuo afu tunahamia kwenye habari za mvua na bei ya dagaa. Sa leo nataka nikujibu vizuri, na mbele huko nina ombi.

Dokumentari yetu inamhusu dada mmoja wa Isamilo anayefuga samaki wa bahari sebuleni kwake. Bahari kabisa mjomba, siyo ziwa, hapa hapa Mwanza, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka ufukwe wa Dar. Ana tanki la kioo la lita 200, ndani kuna mawe, matumbawe laini yanayopepea, na samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari mieupe, wale wanaojificha kwenye anemoni, mnyama wa bahari anayefanana na ua. Watu wakiingia pale kitu cha kwanza wanauliza maji kayatoa wapi. Kayatoa bombani. Na bomba la Mwanza linatoa wapi maji? Ziwani, hapo hapo Capri Point unapopajua. Yani ile bahari yake imeanza kama maji ya ziwa lako, yakasafishwa mjini, yakapita tena kwenye filta yake inayoondoa klorini na karibu kila kilichoyeyuka ndani, halafu ndo yakatiwa chumvi.

Na siyo chumvi ya jikoni. Ile ya jikoni ni sodiamu na klorini basi, maji ya bahari yana magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vingine vingi, na matumbawe bila kalsiamu hayajengi mifupa yao. Kwa hiyo ananunua chumvi iliyotengenezwa maalumu, anapima kama gramu 35 kwa kila lita, piga hesabu tanki lote ni kilo 7. Afu kuna jambo ambalo sikuwahi kulifikiria mpaka nilipoanza kumfilamu: maji yakikauka kwa joto, chumvi haiondoki, inabaki. Kwa hiyo kila siku anajazia maji matamu, siyo ya chumvi, la sivyo tanki linazidi kuwa kali na samaki wanaanza kuumia. Kila asubuhi anapima kabla hata hajanywa chai.

Wewe umekaa majini maisha yako yote kwa hiyo hili utalielewa haraka kuliko wanafunzi wenzangu. Anayefuga samaki wa bahari kazi yake kubwa siyo samaki, ni maji. Tanki jipya haliwekwi samaki. Linawekwa maji, mchanga, mawe, linawashwa pampu na linaachwa wiki nne, sita, wakati mwingine zaidi, huku mtu anatazama kioo kitupu na kupima tu. Anasubiri bakteria. Samaki akijisaidia, au chakula kikioza, inatoka amonia, na amonia inaua. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kuna wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaweza kuivumilia isipozidi sana. Hao bakteria hawaonekani, wanajishika kwenye mawe na mchanga, na wakishapatikana wa kutosha ndo nyumba inakuwa tayari kupokea mgeni. Watu wengi wanaoanza wanashindwa hapo hapo, wana hela ya samaki lakini hawana subira ya wiki sita.

Sisi tulianza kufilamu tanki lake la pili likiwa bado tupu. Mwalimu wetu alisema hamna mtu ataangalia maji matupu, mimi nikasema wataangalia kama wakijua kinachotokea ndani yake, na bado naamini hivyo. Kuna shoti moja ndefu, taa imewashwa, maji yanazunguka, hamna kiumbe, na sauti ya yule dada anaeleza huo mzunguko wote. Kwangu hiyo ndo roho ya filamu.

Kuhusu kufilamu kwenyewe nikwambie kidogo, maana uliniuliza kazi iko wapi hapo wakati samaki hawaendi popote. Kioo kinaakisi kila kitu, dirisha, shati langu, tripodi, kwa hiyo tunazima taa zote za sebule, tunafunga mapazia, tunatundika kitambaa cheusi nyuma ya kamera na kuibandika lenzi karibu kabisa na kioo. Zile taa za matumbawe ni za bluu sana, kamera inachanganyikiwa na kila kitu kinatoka kama usiku wa manane, inabidi tuweke filta ya njano mbele ya lenzi na kurekebisha rangi kwa mkono. Baadhi ya taa zinacheza kwenye video, tukirekodi kwa spidi isiyopatana na umeme wa hapa wa hezi 50 inatoka mistari inayopanda na kushuka. Na sauti! Pampu inaunguruma muda wote, na huwezi kumwambia mtu azime pampu saa nzima ili tupate mahojiano safi, maji yakisimama oksijeni inaanza kupungua. Kwa hiyo tunamrekodi dada chumba kingine, afu tunachukua muungurumo wa pampu peke yake tuupange chini ya maneno wakati wa kuediti. Samaki nao wana tabia zao, ukisogea ghafla wanaingia kwenye mawe, unakaa kimya mpaka wakuzoee, ndo wanatoka. Subira ya namna hiyo wewe ndo ulinifundisha, kwenye mtumbwi.

Umeme ukikatika ndo utaona hofu. Tulikuwepo siku moja umeme ulipokatika jioni, nikamwona anakimbilia pampu ndogo ya betri kabla hata ya kutafuta tochi. Alieleza huku anafunga mipira ya hewa kwamba samaki wanaweza kuvumilia giza hata siku nzima, lakini hawavumilii maji yasiyo na hewa. Nikawakumbuka wenye vizimba vya sato, jinsi maji ya kina yasiyo na oksijeni yanavyopanda juu na samaki wote wanaelea asubuhi. Ni kifo kile kile.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Samaki wengi wa maji matamu wanaouzwa duniani kwa ajili ya kupamba wamezalishwa kwenye mabwawa. Wa bahari ni kinyume, wengi bado wanakamatwa kwenye matumbawe, na kuna nchi za Asia ambako kwa miaka mingi wamekuwa wakikamatwa kwa sayanaidi, mvuvi anapulizia sumu kwenye matumbawe, samaki analewa, anamkusanya, na matumbawe yanakufa nyuma yake. Huko pwani kwetu matumbawe nayo yameshapigwa vya kutosha, na baruti za wavuvi haramu, na joto la mwaka 1998 ambalo liliyapausha sehemu kubwa ya bahari ya Hindi. Yule dada hanunui samaki bila kujua katoka wapi. Wale wa rangi ya chungwa wanazalishwa vizuri kabisa na wafugaji, ndo maana ana hao. (Na wana maajabu yao: wote wanaanguliwa madume, mkubwa wa kundi ndo anakuwa jike, jike akifa dume anayefuata anageuka jike. Tunayo hiyo sehemu, wanavyofukuzana kutafuta nani mkubwa.) Mimi msimamo wangu nimeuweka wazi kwenye skripti, kwamba mtu asiyeuliza samaki wake katoka wapi asifuge. Wenzangu walitaka tuliache hilo nje ili filamu iwe nyepesi, nikakataa.

Na swali la samaki katoka wapi ndo limetuleta kwako mjomba.

Unajua furu wetu, wale samaki wadogo wa ziwani mliokuwa mnawavua enzi hizo mpaka mkawachoka, leo wanafugwa kwenye vioo Ulaya na Marekani? Kuna mmoja wa visiwa vya mawe vya huku kusini mwa ziwa, dume mwekundu mgongoni na njano ubavuni, wanasayansi waliomwandika mwaka 1985 walimpa jina la Mwalimu, nyererei. Wafugaji wa mbali wanamjua kwa jina hilo, wanapima maji yake, wanamzalisha, wanahesabu vifaranga vinavyotoka mdomoni mwa mama, maana mama huyatunza mayai humo. Na mimi niliyezaliwa Mwanza nimemjua kupitia yule dada, maana alianza na furu kabla hajahamia bahari. Kuna furu wengine ambao inasemekana uhai wao sasa uko zaidi kwenye matanki ya watu kuliko huku ziwani.

Sababu mnazijua nyie mlioona. Sangara aliletwa miaka ya 1950 na 1960, akakaa kimya, afu miaka ya 1980 akaongezeka ghafla huku kwetu, akawala furu mpaka wengi wakaisha. Wanasayansi wanakadiria ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na kama 200 hivi zimepotea. Lakini kuna jambo la pili ambalo wengi hawalisemi, maji yenyewe yalichafuka. Jike wa furu anachagua dume kwa rangi, na kwenye maji ya tope haoni rangi, anazaa na dume wa aina nyingine, na taratibu aina mbili zinakuwa moja. Hili lilichunguzwa hapa hapa ghuba ya Mwanza na likachapishwa mwaka 1997. Hapo hamna aliyevua wala aliyekula, ni mwanga tu ulipungua majini.

Sina picha za wakati ule. Kwetu hamna aliyekuwa na kamera ndani ya mtumbwi mwaka 1980. Ninachoweza kupata ni wewe. Nataka ukae mbele ya lile tanki la Isamilo, uangalie samaki wa bahari kidogo, afu utuambie furu walikuwaje. Nyavu zilivyokuwa zinapanda zimejaa, rangi ulizoziona, mama alikuwa anawakausha vipi, wakawa chambo cha ndoano za sangara, na ni lini uligundua hawapo. Sitakuuliza majina ya kitaalamu. Sema kwa Kiswahili au Kisukuma, vyovyote itakavyotoka, maandishi tutaweka chini.

Yule dada amesema ukija anakuonyesha na matanki ya furu aliyobaki nayo chumba cha nyuma. Najua mguu unakusumbua, kwa hiyo tutakuja kukuchukua Luchelele na bajaji, saa nane mchana, soko likishatulia. Usivae shati jeupe maana kioo kitaliakisi lote. Njoo na lile koti lako la mvua la ziwani kama bado lipo, na kama binamu anataka kuja naye aje, tunahitaji mtu wa kushika kitambaa cheusi.

Nijibu kwenye simu ya mama, yangu inakaa imezimwa tukiwa tunarekodi.

Mpwa wako