Barua kwa mwanangu: eksirei zitokazo angani

Kigoma, Mwanga

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu, na bibi yako wa Ujiji kila siku anakuulizia.

Swali lako la kwenye simu limenikaa kichwani. Ikiwa eksirei hupenya nyama ya mtu hadi mfupa ukaonekana, hewa tupu inazizuiaje, hata darubini zake zipelekwe angani? Mimi ninayeshinda kwenye chumba cha eksirei nimefurahi mno kuulizwa hivyo na binti yangu.

Sikiliza, mama. Hewa iliyo juu yetu si tupu. Ukiipima yote, toka ardhini hadi inapokwisha, uzito wake unalingana na maji yenye kina cha mita 10 hivi. Unene wa mgonjwa ninayempiga picha ya kifua haufiki hata nusu mita. Tena eksirei zinazopokelewa na Chandra, darubini ya eksirei iliyoko angani, nguvu yake haizidi kiloelektronivolti 10 hivi (hicho ndicho kipimo cha nguvu ya miale). Ni laini. Za namna hiyo kwenye mashine yetu zingeishia karibu na ngozi ya mgonjwa bila faida yoyote kwenye picha, ndiyo maana tunaweka kichujio cha alumini kuziondoa.

Basi ilibidi kupanda juu. Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kutazama eksirei za angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Siku ile jirani zetu Wakenya walikuwa wakiadhimisha miaka 7 ya uhuru, nayo ikaitwa Uhuru. Natamani kila mtoto wa shule huku kwetu alijue jambo hili! Pale ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huiongezea roketi kasi.

Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Ikaona pia kwamba eksirei za chanzo kimoja, Cygnus X-1, hupanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na kitu kinachobadilika upesi hivyo hakiwezi kuwa kikubwa. Leo tunajua ni shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkubwa hata mwanga haukitoki. Kinachong'aa ni gesi ya nyota jirani, inayopata joto la mamilioni ya nyuzi kabla ya kumezwa.

Vioo vya Chandra, iliyorushwa 1999, ndivyo vinavyonishangaza zaidi. Eksirei ikikipiga kioo uso kwa uso, inazama. Lazima ikiguse kwa ubavu, kama kijiwe unachokirusha ziwani kikateleza juu ya maji. Kwa hiyo vioo vyake ni mitungi iliyo wazi pande zote mbili, mmoja ndani ya mwingine.

Miale ya gama, yenye nguvu kuliko eksirei, haikubali hata ujanja huo. Darubini ya Fermi, iliyorushwa 2008, huinasa bila kioo, kwa mabamba membamba ya metali ya tangsteni ambamo mwale hugeuka kuwa elektroni na pozitroni, pacha wake mwenye chaji chanya. Muulize mwalimu wako wa fizikia hilo linawezekanaje, uje unieleze likizo.

Dagaa na mawese anakuletea mjomba kwa treni.

Baba yako