Mjomba, lile swali lako la "ulicheza wapi?"

Shikamoo mjomba.

Naandika hapa kwa sababu kijiweni hukunipa nafasi. Jumapili ile pale Temeke nilisema bao lilikuwa halali, nawe ukaniuliza mbele ya watu wote, "We mtoto, ulicheza wapi?" Watu wakacheka, hadi muuza kashata akacheka, na mjadala ukafia hapo.

Tuanze na bao lenyewe. Beki alirusha mpira kwa mikono, ukamfikia moja kwa moja mshambuliaji aliyesimama nyuma ya mabeki wote, akafunga. Ukasema ameotea. Mjomba, Sheria ya 11 ya soka inasema hakuna kuotea ukipokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye mpira wa kurusha, kona au goli kiki. Umecheza winga miaka yote ile, umerusha mipira isiyo na hesabu, na hilo lilikupita. Si aibu. Wachezaji wengi sheria wamefundishwa na filimbi ya refa, na refa wa ndondo tunamjua.

Lakini siku hiyo hiyo, wakati wa mapumziko, ulisema beki wa kulia hatamaliza mechi. "Tazama, akigeukia kushoto anazunguka kama lori. Goti hilo." Dakika chache baada ya kipindi cha pili kuanza, akatolewa. Muda wote mimi nilikuwa naangalia mpira, wewe unaangalia miguu. Hapo nilinyoosha mikono, maana sijawahi kukimbia na goti bovu huku winga ananisubiri.

Ila angalia ulivyonishawishi. Ulinionyesha anavyogeuka, nikaona kwa macho yangu. Hukutaja daluga zako hata mara moja. Ulizitaja kwenye kuotea, ambako hukuwa na kitu kingine cha kutaja.

Arrigo Sacchi, kocha Mwitaliano, hakuwahi kucheza soka la kulipwa. Aliwahi kuuza viatu, kama vijana wetu wa Kariakoo. Akaipa AC Milan Kombe la Ulaya 1989 na 1990. Walipomsema kwamba hakucheza, alijibu kuwa hakujua mpanda farasi lazima kwanza awe farasi. (Najua utasema hao ni Wazungu.)

Haya, twende kwa aliyecheza kweli. Emmanuel Amunike alifunga mabao mawili ya Nigeria kwenye fainali ya AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) 1994 kule Tunis. Alipotupeleka AFCON 2019 akiwa kocha wa Taifa Stars, mara yetu ya kwanza tangu 1980, kijiwe kizima kilisema ndiyo faida ya kufundishwa na mtu aliyecheza. Kule Misri tukafungwa na Senegal, Kenya na Algeria, na watu wale wale wakasema hajui kitu. Sikumsikia hata mmoja akikumbuka Tunis. Hata wewe, mjomba. Nilikuwepo.

Kuna jingine sikulisema siku ile kwa sababu kaka zangu walikuwepo. Ulipokuwa unawafundisha kupiga krosi, mimi kazi yangu ilikuwa kuokota mpira ukiingia mtaroni. Siku moja niliupiga badala ya kuurudisha kwa mkono, na bibi akaniita ndani nikachambue mchele. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walifika fainali za Afrika 2010, kwa hiyo wapo mabinti waliokataa kuitwa ndani. Mimi niliitika. Basi ukiniuliza tena nilicheza wapi, jibu ni mtaroni, na wewe ndiye uliyenipanga namba hiyo.

Jumapili nakuja, kahawa yako nalipa mimi. Sheria ya 11 nitakuwa nayo kwenye simu. Wewe nieleze kitu kimoja: yule kipa, kwa nini anabutua mpira mrefu wakati mabeki wake wawili wako huru pembeni? Nimeirudia mechi mara nne na bado sijaona unachokiona wewe.