Waajiri waache kuuchezea usuluhishi wa CMA

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie migogoro ya kazi inayofikishwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ngazi mbili: usuluhishi, ambao hupewa siku 30, na ukishindikana, uamuzi. Msuluhishi hamlazimishi mtu. Huwasaidia wahusika wakubaliane wenyewe. Mwamuzi husikiliza mashahidi, hupokea vielelezo, kisha hutoa tuzo, yaani hukumu yake, inayowafunga wote.

Mimi ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na kinachonisikitisha ni jinsi baadhi ya waajiri wanavyoidharau ngazi ya kwanza kwa kumtuma ofisa asiye na ruhusa ya kukubali hata shilingi moja. Nimekaa na mlinzi aliyeachishwa kazi, akidai malipo ya notisi, ya likizo, na cheti chake cha utumishi, huku aliyetumwa na mwajiri akijibu kila dai, "Hilo mpaka nikamuulize mkurugenzi." Cheti kingeweza kuandikwa siku ile ile na fedha zikalipwa kwa awamu. Badala yake shauri lilikwenda kwenye uamuzi, na mlinzi yule, ambaye alikwisha kupata kibarua mji mwingine, akawa anatafuta ruhusa na nauli kila lilipoahirishwa.

Uamuzi una mahali pake. Mfanyakazi aliyefukuzwa kwa tuhuma za wizi anazozikana, naye anataka kurudishwa kazini, anahitaji mtu wa kupima ushahidi, na sheria inamtaka mwajiri ndiye athibitishe kwamba alimwachisha kwa haki. Hata hivyo, asiyeridhika na tuzo anaweza ndani ya wiki sita kuipeleka Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, na aliyeshinda akaendelea kusubiri. Nao wafanyakazi wenzangu wanaoogopa kufunguka mbele ya msuluhishi wajue kwamba mazungumzo yale ni ya siri, wala hayageuzwi kuwa ushahidi dhidi yao mbele ya mwamuzi.

Naiomba Tume imtake kila anayemwakilisha mwajiri aje na barua inayoeleza ana ruhusa ya kukubali nini na kwa kiwango gani, na asiye nayo aelekezwe kuifuata mapema, zile siku 30 zikiwa bado hazijakwisha.

Mwakilishi wa wafanyakazi,
Morogoro