Tufungulieni darasa la uchumi jioni

Mhariri,

Mimi ni muuza vitunguu katika Soko la Wakulima hapa Nakuru, na huu ni mwaka wangu wa kumi na nne. Nanunua kwa gunia, nauza kwa kilo na kwa mafungu. Ukiniuliza faida ya leo nitakutajia kabla hujamaliza swali. Lakini mwaka jana nilikopa shilingi 12,000 kwa mtu wa mikopo, "asilimia tano tu kwa mwezi, mama, miezi sita," nikasaini nikidhani nimeelewa.

Aliyenifungua macho ni mwalimu mstaafu tunayeishi naye ploti moja Kaptembwo. Alichana boksi la sabuni, akashika biki. Kila mwezi nilikuwa nikipunguza deni kwa 2,000, lakini riba ya 600 haikusogea, hata mwezi wa mwisho nilipodaiwa 2,000 peke yake. Riba yote ikawa 3,600. Kama ingehesabiwa kwa deni lililobaki, ingeanza 600, ikaja 500, 400, hivyo hivyo hadi 100: jumla 2,100. Asilimia ni ile ile tano. Shilingi 1,500 zangu zilienda, na siwezi kusema niliibiwa, maana nilisaini.

Kadibodi hiyo ikazaa darasa. Akina mama wa chama chetu, makanga wawili na kijana wa bodaboda, kila Jumanne usiku sebuleni kwa mwalimu, shilingi 30 kila mtu za chaki na chai. Tulidumu jioni tisa. Tulipofika watu ishirini na mmoja, mwenye ploti akalalamikia kelele, tukatawanyika.

Jioni ambayo sitaisahau ni ya mfumuko wa bei. Redio ikisema umeshuka, mimi nilikuwa nawaambia wateja wangoje, unga utashuka. Wapi! Mwalimu aliandika bei zilivyopanda kwa mwaka mmoja mmoja: hadi Oktoba 2022 asilimia 9.6, Oktoba 2023 asilimia 6.9, Oktoba 2024 asilimia 2.7. Kisha akachukua kapu la bidhaa la shilingi 100 la Oktoba 2021, akatupandisha nalo mwaka hadi mwaka. Lilifika 120. Ni kama lori la kwenda Mau Summit: limepunguza mwendo, lakini bado linapanda. Makanga mmoja alibisha hadi saa nne usiku, na hapo ndipo wengi wetu tulielewa.

Najua kuna vyuo mjini. Niliuliza kimoja. Masomo ni asubuhi, wakati magunia yanashushwa, kwa Kiingereza, na ada yake ingemeza mtaji wangu wote.

Mama yangu alijifunza kusoma ngumbaru. Serikali ilikuwa imeunda idara ya elimu ya watu wazima mwaka 1979, na alasiri akina mama walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Sisi mabinti zao tunasoma vizuri. Kinachotushinda ni karatasi ya mkopo, na ile ya bajeti. Katiba ya 2010, kifungu cha 201, inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Nimeshirikishwa mara mbili: nikapewa soda, nikaandika jina kwenye rejista, nikarudi sokoni na makaratasi ya makadirio ambayo yalinifaa kufungia pilipili.

Ombi langu ni darasa moja la shule ya msingi, saa moja hadi saa mbili na nusu usiku, mara mbili kwa wiki, kwa Kiswahili, shilingi 50 kwa kikao. Mwalimu alipwe, wetu alikataa hela, lakini huwezi kuendesha mtaa mzima kwa wema wa mzee mmoja. Tuanze na riba, kisha bei ya mafuta inayotangazwa kila tarehe 14, kwa sababu ikipanda mwenye lori huniongezea nauli asubuhi yake, na ikishuka hujifanya redio yake imeharibika. Na tafadhali, msituletee wale wahubiri wa kutajirika haraka.

Shule iliyo karibu nasi hufungwa saa kumi na moja jioni, na taa ya veranda huwaka hadi asubuhi. Mlinzi ni mteja wangu. Anasema funguo anazo, anachongoja ni barua kutoka kwa wakubwa.

Mama Vitunguu,
Soko la Wakulima, Nakuru