Paa la Wenyeji Wetu Linavuja: Wito wa Harambee kwa Halau Iliyotupokea Honolulu

Ndugu, jamaa na marafiki wa karibu na wa mbali,

Bwana asifiwe. Assalaam alaykum. Aloha.

Tunawaandikia tukiona haya kidogo, maana ni sisi hawa hawa tuliowapitishia bakuli Agosti 2023, Lahaina ilipoteketea kule Maui, nanyi mkatoa. Mlitoa kutoka Minneapolis, kutoka Muscat, kutoka Mombasa, na mzee mmoja wa Bujumbura alituma alichokuwa nacho akaomba jina lake lisisomwe. Mungu hajasahau, na sisi hatujasahau. Lakini mvua haikungoja tupumzike.

Paa la ukumbi wa halau linavuja. Halau, kwa asiyejua, ni chuo cha hula, ngoma ya asili ya Hawaii, pamoja na watu wake wote: kumu hula, ambaye ndiye mwalimu, wanafunzi wake, wazazi wanaoshona na kupika, na wazee wanaokaa nyuma na kusahihisha kwa macho tu. Hii yetu iko Oahu, kisiwa cha Honolulu, upande unaopigwa na pepo, chini ya milima ya Koolau. Humo wanasoma watoto wetu wengi, wa Wakenya, Watanzania, Wakongo, Waganda na Warundi tunaoishi kisiwani. Mvua ya kila siku upande huu huja na upepo wa kaskazini mashariki, na ukumbi ulijengwa ukiupa upepo huo mgongo. Zikija dhoruba za Kona, upepo hugeuka, maji yakaingia kwa upande ambao mabati yameshaliwa na chumvi ya bahari. Msimu huu zimekuja mfululizo.

Fikirieni darasa la watoto wadogo, miguu peku, kwa kuwa hula haichezwi na viatu, wakipiga hatua katikati ya ndoo. Kumu amebadilisha mistari ya kucheza ili kukwepa sehemu inayotiririka. Mbao za sakafu zimevimba. Binti wa mmoja wetu aliteleza, kifundo cha mguu kikavimba wiki nzima. Ngoma kubwa iitwayo pahu, iliyochongwa kwenye shina la mnazi na kuwambwa ngozi ya papa, inalala chini ya turubai kama mgonjwa. Ile ipu ya vibuyu viwili vilivyounganishwa imeanza kuota ukungu, na kibuyu kikishaota ukungu sauti yake imekwisha. Vitu hivi haviuzwi dukani. Pahu ile ilichongwa na mtu ambaye hayupo tena duniani.

Sasa mtauliza, na kuna waliokwisha kuuliza kwenye kundi la simu: sisi na hula ni wapi na wapi? Si tungechangia kwanza sherehe yetu wenyewe?

Jibu la kwanza ni la aibu. Sherehe yetu wenyewe tunaifanyia ndani ya ukumbi huo huo, bure. Ndugu yetu alipofariki na mwili ukangoja karatasi za kusafirishwa, matanga yalikaa pale. Hatukuomba, tuliitwa. Wenyewe wakafukua imu, lile tanuri la chini ya ardhi, na kabla ya kuweka nyama walikuja kuuliza nani kati yetu hali nguruwe. Siku hiyo hakuna nguruwe aliyepikwa. Walipika kuku na samaki, wakaleta poi, ambayo ni magimbi yaliyopondwa, na wazee wa kwetu wakaila bila kusukumwa kwa sababu gimbi wanalijua. Akina mama wa halau waliosha vyombo mpaka usiku. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu ilishapita zamani na jembe bado linatungoja mlangoni.

Jibu la pili ni watoto. Mwanafunzi wa hula haingii tu ukumbini. Husimama nje akaimba oli, ghani ya kuomba kupokewa, na hungoja. Kumu asiporidhika na sauti, au akiona moyo haumo, hunyamaza, na mtoto huanza upya. Ikiitikiwa ndani ndipo huvuka kizingiti. Mama mmoja kutoka Tanga alisema miaka yote amemfundisha mwanawe kupiga hodi na hakufaulu, halau imefaulu kwa mwezi mmoja. Tulicheka, lakini ndivyo ilivyo. Watoto wetu wanalelewa pale kwa adabu ambayo bibi zao wangeitambua.

Jibu la tatu ni refu kidogo, na mnisamehe, maana katibu akishika kalamu haiachi. Wengi mnaijua hula ya hotelini Waikiki, ya taa na vinywaji. Hula ya halau ni maktaba ya watu ambao hawakuwa na maandishi: nasaba, upepo wa kila bonde, majina ya mvua, safari za wafalme, yote yamo ndani ya mele, yaani nyimbo, na mikono. Mwaka 1830 malkia Kaʻahumanu, akiwa ameshaingia Ukristo, aliipiga marufuku hadharani. Mfalme Kalākaua, aliyetawala kuanzia 1874 hadi 1891, aliirudisha uwanjani, na katika sherehe za kuvikwa taji mwaka 1883 ilichezwa mbele ya wageni waliokuja kununa. Miaka 10 baadaye, Januari 1893, dada yake na mrithi wake, Malkia Liliʻuokalani, alipinduliwa na wafanyabiashara walioungwa mkono na askari wa manowari ya Marekani. Mwaka 1896 ikaja sheria kwamba shule zote zifundishe kwa Kiingereza.

Wazee wa hapa wanasimulia walivyoadhibiwa shuleni kwa kusema lugha ya mama zao. Mliosoma Kenya mkavalishwa kile kibao shingoni kwa kosa la kusema Kikamba au Kijaluo, hamhitaji kuelezwa zaidi. Hapa adhabu hiyo ilifanikiwa karibu kabisa: mwanzoni mwa miaka ya 1980 watoto wanaoongea Kihawaii walihesabiwa kuwa hawafiki 50. Ndipo mwaka 1983 wazazi na walimu wachache wakaanzisha ʻAha Pūnana Leo, na mwaka uliofuata wakafungua shule ya kwanza ya watoto wadogo huko Kekaha, kisiwani Kauai, isemwe lugha moja tu, yao. Walianza kabla sheria haijawaruhusu. Sheria ilibadilishwa 1986. Leo kuna vijana waliosoma kwa Kihawaii toka chekechea hadi chuo kikuu, na baadhi yao ndio wanaofundisha watoto wenu oli mlangoni.

Wala hatuwezi kujidai kwamba visiwa hivi havituhusu. Barack Obama mzee alifika Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959, kijana wa Kijaluo peke yake, Mwafrika wa kwanza kusoma pale, na mwanawe akazaliwa Honolulu mwaka 1961. Jina hilo tunalitaja kila tunapotaka kupunguziwa bei sokoni. Basi tulitaje na siku ya kutoa.

Tuje kwenye sherehe ya halau yenyewe. Tarehe 1 Mei, ambayo kwetu ni sikukuu ya wafanyakazi na maandamano, hapa ni Siku ya Lei, yaani shada la kuvaa shingoni, inayosherehekewa tangu 1928. Kila kisiwa kina lei yake: Oahu ua la ilima la rangi ya dhahabu, Maui waridi, kisiwa kikubwa cha Hawaii ua la lehua jekundu, na Niihau ambayo lei yake ni ya makombe meupe madogo madogo yanayookotwa ufukweni. Halau yetu hufungua milango mtaa mzima uingie: watoto hucheza, wazee hufundisha kusuka majani ya lauhala, vijana hupiga ukulele, ambayo mbegu yake ililetwa na vibarua Wareno wa Madeira mwaka 1879 na wenyeji wakaifanya yao. Mwaka jana kundi letu lilipewa nafasi ya kupiga taarabu baada ya hula. Wazee wa Kihawaii walikaa mbele, wakatunza kwa lei badala ya noti. Mshona lei mmoja alieleza pia kwa nini hatumii lehua tena: ugonjwa wa kuvu unaua miti ya ohia, inayotoa ua hilo, na kuchuma kunaweza kuueneza. Akasema heri lei ikose ua kuliko msitu ukose mti. Mtoto wangu alilirudia neno hilo nyumbani kabla sijamuuliza alijifunza nini.

Bila paa hakuna Mei Mosi. Kampuni ya bima ya ukumbi imeshasema kwa barua kwamba mkusanyiko wa watu wengi hautaruhusiwa mpaka upande ule utengenezwe. Kukodi ukumbi mwingine mjini ni bei ya harusi nzima.

Hesabu ni hii. Fundi ameandika dola 24,000 kwa mabati, mbao za chini yake na sakafu. Familia za halau zenyewe zimeshapata 9,500 kwa kuuza kuku wa huli-huli, wale wanaogeuzwa juu ya mkaa kwenye viwanja vya kuegesha magari, Jumamosi baada ya Jumamosi. Moshi umewatoa machozi na hawajalalamika. Makanisa mawili ya jirani yamechukua 8,500. Kamati yetu ya wasema Kiswahili imesimama mbele ya watu ikaahidi 6,000 zilizobaki. Tulipigiwa makofi. Mpaka leo ahadi zilizoandikwa ni 2,850 na zilizoingia ni 1,100. Tofauti ya namba hizo mbili za mwisho ina majina, na majina yako kwa mweka hazina, ambaye ni mpole, lakini ana daftari.

Hatumlazimishi mtu. Tunajua kodi za nyumba za hapa, tunajua kuna anayelisha watu wa pande mbili za bahari kwa mshahara mmoja. Anayeweza dola 10 alete 10, na aliye nyumbani akituma shilingi kwa M-Pesa itapokelewa kwa heshima ile ile. Ila wapo miongoni mwetu waliofungisha harusi ndani ya ukumbi ule, wakapiga picha chini ya paa lile na kuzituma mpaka Dodoma, na simu zao siku hizi hazishikwi. Hatuwataji. Wanajijua, na picha zipo.

Kila atakayetoa atapewa stakabadhi. Fedha zinaingia kwenye akaunti yenye watia sahihi watatu, mmoja wao mtu wa halau. Fundi atalipwa kwa hundi, si kwa mkono. Mahesabu yatasomwa mbele ya wote baada ya Mei Mosi na kubandikwa ukutani. Kikibaki kitu kitanunua ngozi ya pahu. Basi.

Siku ya harambee ni Jumamosi ya mwisho ya Machi, alasiri, pale pale ukumbini, upande usiovuja. Mgeni wa heshima ni kumu mwenyewe, na ameomba asipewe kiti cha mbele. Mchungaji atafungua kwa sala, shehe atafunga kwa dua, na katikati mzee wa halau ataimba oli. Tutauza mandazi, pilau na viazi karai. Wao wataleta haupia, ile ya tui la nazi inayokatwa vipande kama halua. Mtakaokuwa mbali, namba za kutumia mchango mnazo kwenye kundi; asiye kwenye kundi amuulize mjumbe aliyemletea barua hii. Msitume kwa mtu mwingine yeyote anayedai anakusanya kwa jina letu.

Kwa niaba ya kamati,
Katibu

N.B. Waliochukua masufuria makubwa ya halau baada ya Idi wanaombwa wayarudishe kabla ya siku hiyo. Kuku wa huli-huli wanalowekwa humo.