Mwanangu, usimfiche mkeo

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Hapa Tanga tu wazima, baba yako anakusalimu. Jana uliniambia daktari alikuita pembeni, akakueleza kwamba dripu za kemo, hizi dawa za saratani ya titi, zikiisha mkeo atafanyiwa operesheni, na huenda titi lote likatolewa. Ukaniomba tumfiche mpaka siku zikaribie, asije akavunjika moyo. Baba, hilo sitakusaidia.

Najua ni mapenzi yanayokusukuma. Kwetu ndugu ndio huambiwa kwanza, na mgonjwa anabaki kusoma nyuso za watu. Mama yako mdogo alipougua, minong'ono ilimtesa kuliko hata ule uvimbe. Mlango ukifungwa tu, anadhani tunapanga mazishi yake. Siku nesi mmoja wa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, alipokaa naye akamweleza ugonjwa ulipofika na mionzi itakavyokwenda, jioni ile alikula wali wake akaumaliza.

Mkeo akijua sasa, atapata muda wa kuuliza. Wako wanawake wanaotolewa uvimbe tu kisha wakapigwa mionzi, na saratani ikiwahiwa, huishi sawa na waliotolewa titi zima. Wengine uvimbe ni mkubwa au umeenea ndani ya titi, na kulitoa lote ndiyo salama. Yeye yuko upande gani? Kemo imeusinyaza uvimbe kiasi gani? Kipimo cha vipokezi vya homoni, kile cha kuona kama saratani yake inachochewa na homoni, kilisemaje, atahitaji vidonge vya tamoksifeni vya kuizuia homoni hiyo kwa miaka 5 au zaidi? Maswali hayo ni ya kwake, maana mwili ni wake. Wewe kaa pembeni yake na daftari uandike majibu, kwa sababu mgonjwa akishasikia neno moja la kumshtua, yanayofuata hayamwingii. Na daktari akikuita tena peke yako, mwambie kwa adabu, "Naomba tumsubiri mke wangu."

Kipindi hiki cha dripu, jambo la kuliogopa kuliko yote ni homa. Kemo hushusha seli nyeupe za damu, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, na hapo mwili unakuwa hauna ulinzi. Nunua kipimajoto duka la dawa. Kikisoma nyuzi 38, au akianza kutetemeka kwa baridi, mpeleke hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane, na useme tangu mapokezi kwamba yuko kwenye kemo. Usiseme "hii malaria tu" ukampa dawa mseto nyumbani. Wala usimpe Panadol mkasubiri kukuche, maana kipimo kitashuka na maambukizi yanaendelea ndani. Hili likariri, mwanangu.

Mkojo ukitoka mwekundu baada ya ile dripu nyekundu, ni rangi ya dawa, msihangaike. Kitunguu kikikaangwa harufu itamchefua, basi pikieni nje. Akitoka vidonda mdomoni asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na pilipili na ndimu mziweke kando kwanza. Uji mwepesi wa mchele hupita. Usimlazimishe kumaliza bakuli.

Wageni watakuja wengi, na wengi wao kwa wema. Mwenye mafua aishie barazani. Atakayesema ugonjwa umeletwa na sidiria, au na jicho la mtu, mbadilishie mazungumzo kabla maneno hayajafika chumbani. Shangazi yako ameshaanza kutafuta mizizi ya kumtumia. Pokea, shukuru, weka kabatini. Mkeo asinywe chochote ambacho daktari hajakiona, kwa kuwa iko mitishamba inayogongana na kemo na kuumiza ini. Dua tunasoma kila siku, na dua haigombani na dripu.

Wakimtoa na tezi za kwapani, mkono wa upande ule unaweza kuvimba. Ndoo za maji zitakuwa zako, na mazoezi ya mkono atakayoelekezwa mfanye naye, asiyakatize.

Liko neno ambalo kwa desturi ningemwachia mjomba wako, ila nalisema mwenyewe. Nimewaona wanaume waliohamia chumba kingine baada ya operesheni ya aina hii, wengine wakaoa. Wewe usihamishe mto wako. Siku atakayotaka kukuonyesha kidonda, kitazame, na umsaidie kukisafisha kama manesi watakavyokufundisha. Kama hajawa tayari, ngoja, wala usimuulize kila siku.

Mimi natamani nipande basi kesho asubuhi. Lakini muulize yeye. Anataka nije wiki ya dripu anapokuwa hana nguvu, au wiki inayofuata ili tukae tuzungumze? Au angependa awe na mama yake mzazi, nami niwachukue wajukuu huku mpaka shule zifunguliwe? Sitakasirika kwa jibu lolote. Ukishalipata nipigie, ndipo nikate tiketi.

Mama yako