Rafiki: mila zipi zilizovunjwa?

Kwa Mhariri,

Kila mjadala wa Rafiki, filamu ya Kenya kuhusu wasichana wawili wanaopendana, ukizuka, wanaoipinga hukimbilia mila na kudai kwamba mapenzi hayo yameletwa na Wazungu. Sijui ni wangapi kati yao wameitazama. Mimi nilipanga foleni Septemba 2018, katika zile siku saba ambazo Jaji Wilfrida Okwany aliruhusu ionyeshwe licha ya marufuku, na nilichokiona ni mtaa wa Nairobi ninaoujua vizuri. Baba ana duka na anawania uwakilishi wadi. Mama ameachwa, amejitupa kanisani. Mwenye kibanda cha chakula hupata habari za kila nyumba kabla ya wenyewe. Eti mambo ya kuletwa na Wazungu! Hata hadithi iliyozaa filamu hiyo iliandikwa na Mganda, Monica Arac de Nyeko, ikamshindia Tuzo ya Caine mwaka 2007.

Kena na Ziki, mabinti wa wagombea wawili mahasimu, wanapendana. Kena anataka uuguzi. Ziki anamwuliza kwa nini asiwe daktari. Kwangu mimi, hapo ndipo Kena anapoanza kukua. Kabla ya hapo hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kuvuka mpaka wa mtaa wake.

Kisha siri inafichuka. Majirani, watu wanaosalimiana nao kila asubuhi, wanawapiga wasichana hao. Mama yake Kena anampeleka mwanawe aombewe atolewe pepo. Baba yake Kena, anayejua fika kwamba kura zinamponyoka, anakataa kumlaani binti yake. Wanaotetea mila wangetuambia ni yupi kati ya hao aliyezishika. Hata anayeamini kwamba mabinti wale wamekosa ameisikia methali: mtoto akinyea kiganja hakikatwi. Sikumbuki mzee yeyote aliyenifundisha kwamba jirani akikosa hupigwa mateke.

Bodi ya Uainishaji wa Filamu iliipiga marufuku Aprili 2018. Mwongozaji, Wanuri Kahiu, alieleza kwamba bodi ilitaka abadilishe mwisho kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Yaani mabinti wale wangemalizia kwa majuto, mila zingesalimika? Kipigo hakikuwa tatizo, ila kunusurika kwao.

Ikiwa hofu ni watoto, bodi ina daraja la watu wazima pekee. Ilitumie, nasi watu wazima tuachwe tujiamulie.

Mzazi,
Nairobi